Umiliki wa Zamu: Kwa Nini Aliyelipia Chumba Hungojea Chumba?

Katika nchi nyingi za Ulaya na katika Marekani wako watu wanaomiliki nyumba ya mapumziko kwa muda wa wiki moja tu katika mwaka. Mtu wa namna hii hakununua nyumba nzima, wala hapangi chumba kama mgeni wa kawaida wa hoteli. Amenunua haki ya kutumia chumba kwa zamu, na wenzake wapatao hamsini wamenunua haki kama hiyo juu ya chumba kile kile. Kila mwaka hutozwa ada ya matunzo, awe amelala humo au hakulala. Hata hivyo, anapoomba nafasi kwa wakati wa likizo ya watoto wake, mara nyingi hujibiwa kwamba vyumba vimekwisha kujaa, na kwamba jina lake limetiwa katika orodha ya kungojea.

Jibu hilo huzua manung'uniko mengi. Mwanachama hujiuliza yawezekanaje kitu alichokwisha kukilipia kikosekane. Wengine hukata shauri kwamba wenye nyumba wameuza haki nyingi kuliko vyumba walivyo navyo. Huenda dhana hiyo ikawa kweli mahali fulani. Lakini orodha ya kungojea hutokea hata pale ambapo hesabu ni safi na hakuna haki moja iliyouzwa mara mbili. Makala haya yanaeleza namna nafasi zinavyoombwa, sababu nne zinazozaa orodha hiyo, na kanuni za hesabu zinazoweza kumsaidia mtu kutofautisha upungufu wa kweli na upungufu unaotokana na mpango wenyewe.

ASILI YA UMILIKI WA ZAMU

Mpango huu ulianza Ulaya katika miaka ya 1960. Mwaka 1963 ilianzishwa Uswisi kampuni iitwayo Hapimag, ambayo wanachama wake hununua hisa, na kwa hisa hizo hupata haki ya kukaa katika nyumba za kampuni. Mwaka 1967, katika milima ya Alps nchini Ufaransa, mahali paitwapo Superdévoluy, watu walianza kuuziwa haki ya kukaa katika majengo ya mapumziko ya mchezo wa kuteleza thelujini. Baadaye mpango ukavuka bahari na kuenea Marekani, hasa katika jimbo la Florida. Mwaka 1974 katika mji wa Indianapolis ilianzishwa RCI, kampuni ambayo kazi yake ni kuwawezesha wenye wiki mahali pamoja kubadilishana na wenye wiki mahali pengine. Kampuni ya pili ya namna hiyo, Interval International, ilianzishwa mwaka 1976.

Msingi wa hesabu ni rahisi. Mwaka una wiki 52. Kwa kawaida wiki moja huachwa kwa ajili ya kupaka rangi na kutengeneza vilivyoharibika, na wiki 51 hubaki kwa wenye haki. Nyumba yenye vyumba 100, basi, ina nafasi 5,100 za wiki moja katika mwaka. Ikiwa haki zilizouzwa nazo ni 5,100, mizani imelingana: kila haki ina nafasi yake.

Hapo mwanzo watu wengi waliuziwa wiki maalumu. Mwenye wiki ya 30 alijua kwamba wiki ya 30 ni yake mwaka hadi mwaka, na kwake hapakuwa na haja ya kuomba wala kungojea. Lakini mpango huo ulikuwa mgumu kama chuma: likizo ya mtu ikihamishwa na mwajiri wake, wiki yake ilipotea. Kwa hiyo ikazuka mipango miwili mingine. Wa kwanza ni wa wiki isiyo maalumu, ambapo mtu ana haki ya wiki moja katika msimu fulani, lakini lazima aiombe. Wa pili ni wa pointi, ambapo mtu hupewa kila mwaka idadi ya pointi, naye huzitumia kama sarafu kulipia usiku mmoja mmoja. Orodha ya kungojea ilizaliwa pamoja na uhuru huo. Ambapo hakuna uchaguzi hakuna foleni. Na ambapo watu wengi huchagua, lazima wengine wakutane mlangoni.

NAMNA NAFASI INAVYOOMBWA

Katika mipango mingi nafasi hutolewa kwa kufuata kanuni ya atanguliaye. Daftari la siku fulani hufunguliwa miezi kadhaa kabla ya siku hiyo, na anayeomba mapema hupewa. Aghalabu wanachama hawafunguliwi wote kwa wakati mmoja. Mfano unaojulikana sana ni ule wa Disney Vacation Club, ulioanza huko Florida mwaka 1991. Mwenye haki katika nyumba fulani huruhusiwa kuomba nafasi ya nyumba hiyo miezi 11 kabla. Wanachama wenye haki katika nyumba nyingine hungoja hadi ibaki miezi 7. Katika kipindi cha miezi minne kati ya milango hiyo miwili, wenyeji huchagua kwanza. Wageni wanapofika mlangoni hukuta kilichosazwa.

Bei ya chumba kwa pointi haiwi moja mwaka mzima. Ichukuliwe kwamba chumba fulani hutozwa pointi 200 kwa wiki ya Krismasi na pointi 100 kwa wiki moja ya Septemba. Mwenye pointi 100 kwa mwaka anaweza kwenda kila Septemba, au kuweka akiba ya miaka miwili ili aende Krismasi mara moja. Jedwali la pointi, kwa hiyo, hufanya kazi ile ile inayofanywa na bei sokoni: hupunguza msukumo wa watu kwenye siku zinazopendwa, na kuwavuta kwenye siku zisizopendwa. Makampuni ya kubadilishana wiki nayo yalitumia rangi kuonyesha jambo hilo. RCI iliziita wiki zinazotakiwa sana nyekundu, za wastani nyeupe, na zisizotakiwa sana buluu.

Ombi lisipopata nafasi, jina huandikwa katika orodha ya kungojea. Mwanachama mwingine akifuta safari yake, kompyuta hutazama orodha na kumtafuta wa kwanza ambaye ombi lake linaweza kutimizwa kwa nafasi iliyorudi.

SABABU YA KWANZA: WENGI HUTAKA WAKATI MMOJA

Sababu iliyo wazi kuliko zote ni kwamba nafasi zimetawanywa sawasawa katika mwaka, lakini mahitaji hayakutawanywa hivyo. Chukua tena nyumba ya vyumba 100 na haki 5,100. Ichukuliwe kwamba likizo za shule ni wiki 10, na kwamba asilimia 30 ya wanachama wana watoto wa shule au ni walimu, nao hawawezi kusafiri wakati mwingine wowote.

Asilimia 30 ya 5,100 ni wanachama 1,530. Nafasi katika wiki 10 za likizo ni 1,000 tu. Hivyo wanachama 530 watabaki katika orodha ya kungojea. Wakati huo huo wiki 41 zilizobaki zina nafasi 4,100, na wanaozitaka ni 3,570. Tofauti ni nafasi 530 zilizo tupu. Idadi ya wanaongojea ni sawasawa kabisa na idadi ya nafasi zisizo na mtu. Hakuna aliyedhulumu, na hakuna haki iliyouzwa mara mbili. Lakini watu 530 wamelipa ada ya mwaka bila kupata kile walichokitaka.

Hapo ndipo lilipo jambo zito la mpango huu. Nafasi ya usiku haiwekwi ghalani kama mahindi. Chumba kilichokaa kitupu usiku wa leo hakiwezi kutumiwa kesho mara mbili. Kwa mzee aliyestaafu wiki ya Februari na wiki ya Agosti ni karibu sawa. Kwa mwalimu, wiki ya Februari ambayo shule imefunguliwa haina thamani hata kidogo. Mwalimu na mstaafu wanaweza kulipa ada moja na kupokea vitu viwili visivyolingana.

SABABU YA PILI: BAHATI

Msomaji anaweza kudhani kwamba kama watu wangependa wiki zote kwa usawa, orodha ingetoweka. Sivyo. Hata pasipo na msimu, bahati peke yake yatosha kuzaa foleni.

Ichukuliwe kwamba kila mmoja wa wanachama 5,100 anachagua wiki yake kama mtu anayeokota karatasi kutoka katika kofia, bila kujua wenzake wamechagua nini. Kwa wastani kila wiki itapata maombi 100, ambayo ni sawa na vyumba vilivyopo. Lakini wastani si ahadi. Wiki moja itapata maombi 108, nyingine 91, nyingine 112. Kanuni ya hesabu za uwezekano yasema kwamba ukubwa wa kuyumba huku ni karibu sawa na kipeuo cha pili cha wastani. Kipeuo cha pili cha 100 ni 10. Kwa hiyo wiki nyingi zitakuwa kati ya maombi 90 na 110. Ukijumlisha ziada ya wiki zote zilizozidi 100, hupatikana wanachama kama 200 wasio na nafasi, yaani mtu mmoja katika kila 25.

Nyumba ikiwa ndogo hali huwa mbaya zaidi. Nyumba ya vyumba 10 ina nafasi 510. Wastani wa maombi kwa wiki ni 10, na kipeuo cha pili chake ni kiasi cha 3. Kuyumba kwa 3 katika 10 ni kukubwa kuliko kuyumba kwa 10 katika 100. Matokeo yake ni kwamba mtu mmoja katika kila wanane hukosa. Na kama ni chumba kimoja tu chenye wenye haki 51 wanaochagua bila kusikilizana, wiki 18 au 19 hubaki tupu, huku wanachama idadi hiyo hiyo wakikosa mahali.

Kutokana na hesabu hii yaonekana faida ya kuunganisha. Vyumba vingi vilivyowekwa katika daftari moja huwahudumia watu vizuri kuliko vyumba vile vile vilivyogawanywa katika madaftari kumi. Hiyo ndiyo sababu mojawapo ya kuwepo kwa makampuni ya kubadilishana wiki: kuyumba kwa nyumba moja hufidiwa na kuyumba kwa nyingine.

Elimu ya mambo haya haikuanzia katika nyumba za mapumziko. Ilianza katika simu. Agner Krarup Erlang, mtaalamu wa hesabu wa Denmark aliyeishi kati ya 1878 na 1929, alifanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen. Swali aliloulizwa lilikuwa hili: zinahitajika nyaya ngapi ili watu wanaopiga simu kwa nyakati wasizopatana wasikute laini zimeshikwa? Mwaka 1909 alitoa maandishi yake ya kwanza juu ya uwezekano na mazungumzo ya simu, na mwaka 1917 akatoa kanuni za kukadiria ni wapigaji wangapi watakaokosa laini. Kipimo cha wingi wa simu kinachotumiwa na mafundi huitwa erlang kwa heshima yake. Laini ya simu iliyoshikwa na chumba kilichokaliwa, mbele ya hesabu, ni kitu kimoja.

SABABU YA TATU: USIKU MMOJA ULIOJAA

Katika mipango ya pointi mtu huomba usiku mmoja mmoja, naye huomba usiku kadhaa unaofuatana. Ombi la usiku saba linahitaji kila usiku kati ya hizo saba uwe na nafasi. Jumamosi peke yake ikijaa, ombi zima hukwama, ijapokuwa siku sita nyingine ziko wazi.

Hali hiyo hufanya orodha ya kungojea iwe ngumu kuliko inavyodhaniwa. Ichukuliwe kwamba usiku tano zote alizoomba mtu zimejaa, na kwamba kila usiku una uwezekano wa nusu kwa nusu wa kupata nafasi baadaye. Kama kila usiku ungejitegemea, uwezekano wa zote tano kupatikana ungekuwa nusu mara nusu, mara tano, yaani sehemu moja katika 32. Kwa kweli anayefuta safari huachia usiku kadhaa pamoja, na hivyo uwezekano huwa mkubwa kidogo. Lakini somo linabaki: ombi refu hungoja kuliko ombi fupi.

Ndiyo maana pia mtu aliyeandikwa wa pili aweza kupata kabla ya wa kwanza. Wa kwanza ameomba usiku saba, wa pili ameomba usiku mbili. Nafasi iliyorudi ni ya usiku mbili. Akipewa wa pili, wa kwanza hakunyang'anywa kitu ambacho kingemfaa. Asiyejua jambo hili hudhani kuna upendeleo.

Kuna kosa moja la upangaji ambalo linaweza kuepukwa kabisa. Chukua nyumba ya vyumba viwili. Mgeni wa kwanza anataka usiku wa Jumatatu na Jumanne. Wa pili anataka usiku wa Jumatano na Alhamisi. Karani akimpa wa kwanza chumba namba 1, na wa pili chumba namba 2, kila chumba kitakuwa na pengo la usiku mbili. Mgeni wa tatu anayetaka usiku zote nne, Jumatatu hadi Alhamisi, atakosa, isipokuwa akubali kuhama katikati. Lakini kama wageni wawili wa mwanzo wangewekwa katika chumba kimoja, mmoja baada ya mwingine, chumba cha pili kingekuwa wazi kwa siku zote nne.

Tiba yake ni kutogawa namba za vyumba mpaka wageni wafike. Ofisi ihesabu tu idadi ya wageni wa kila usiku. Ikiwa hakuna usiku hata mmoja ambao idadi yake imezidi vyumba, basi kila mgeni atapata chumba bila ya kuhamishwa. Uthibitisho wake ni mfupi: wageni wakipewa vyumba kwa kufuata tarehe zao za kufika, siku atakayofika mgeni yeyote, waliomo humo ni wachache kuliko vyumba, kwa hiyo lazima kuna kimoja kilicho wazi, naye atakaa humo hadi mwisho wa safari yake.

SABABU YA NNE: HOFU

Sababu ya mwisho haimo katika kalenda wala katika bahati, bali katika mioyo ya wanachama. Anayejua kwamba nafasi huwa haba hukimbilia kuomba mapema, hata kabla hajajua kama atasafiri. Wengine huomba tarehe mbili ili baadaye waifute moja. Kila mmoja anafanya lililo la busara kwa nafsi yake, lakini jumla ya busara hizo ni hasara kwa wote.

Chukua wiki moja yenye vyumba 100. Wote 100 wameomba mapema, lakini 25 kati yao walishika nafasi kwa tahadhari tu. Nyuma yao wako 30 wanaotaka kweli, nao wameandikwa katika orodha. Ukibaki mwezi mmoja, wale 25 wanafuta. Kwa wakati huo 12 kati ya waliokuwa wakingoja wamekwisha kata tamaa na kufanya mipango mingine, au nauli imepanda kiasi cha kuwashinda. Waliobaki 18 wanapata vyumba, na vyumba 7 vinakaa vitupu. Hivyo wiki ile ile ilikuwa na orodha ndefu ya kungojea na vyumba visivyo na watu. Orodha huzaa hofu, hofu huzaa kushika nafasi kwa tahadhari, na kushika nafasi huzaa orodha.

Akiba ya pointi nayo huongeza mzigo. Kama asilimia 10 ya haki 5,100 zikisogezwa hadi mwaka unaofuata, mwaka huo utakuwa na haki 5,610 zinazogombea nafasi 5,100. Jambo hili lilionekana kwa ukubwa wake baada ya mwaka 2020, wakati nyumba nyingi za mapumziko zilipofungwa kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19. Wanachama wengi waliruhusiwa kusogeza mbele haki walizoshindwa kutumia. Ruhusa hiyo ilikuwa ya haki, lakini haikuweza kurudisha usiku zilizokwisha kupita. Madai yalisogezwa mbele, vyumba havikusogezwa.

JINSI YA KUKADIRIA MUDA WA KUNGOJEA

Mwaka 1961 mtaalamu wa Marekani, John D. C. Little, alithibitisha kanuni moja yenye manufaa makubwa. Katika foleni yoyote iliyotulia, isiyorefuka wala kufupika kwa muda mrefu, idadi ya wanaongoja ni sawa na idadi ya wanaoingia kwa siku mara wastani wa siku za kungoja. Na katika foleni iliyotulia, wanaoingia ni sawa na wanaotoka.

Kwa mfano, orodha ya ofisi ina majina 120, na kwa wastani majina 4 hutoka kila siku. Gawanya 120 kwa 4. Wastani wa kungoja ni siku 30. Lakini tahadhari mbili zinahitajika. Kwanza, wanaotoka ni pamoja na waliokata tamaa, si waliopata peke yao. Pili, wastani wa orodha nzima hausemi lolote juu ya wiki moja maalumu: aliye katika orodha ya Krismasi hangoji sawa na aliye katika orodha ya Septemba. Ofisi inayotaka kuwa wakweli kwa wanachama wake haina budi kuwaonyesha ni wangapi walioomba wiki fulani, na ni wangapi waliopata.

Foleni huonekana pia asubuhi daftari linapofunguliwa, hasa pale nafasi zinapoombwa kwa simu. Ikiwa karani mmoja anashughulika nusu ya muda wake, kwa wastani kuna mtu mmoja tu katika foleni, pamoja na anayehudumiwa. Akishughulika asilimia 80 ya muda, watu huwa 4. Asilimia 90, huwa 9. Asilimia 95, huwa 19. Foleni haikui kwa hatua moja moja na kazi. Hupaa kadiri uwezo unavyokaribia kwisha. Ndiyo sababu ofisi iliyoonekana kutosha mwaka jana yaweza kuzidiwa mwaka huu kwa ongezeko dogo la wanachama.

TIBA ZILIZOJARIBIWA

Ya kwanza ni kurekebisha jedwali la pointi. Wiki zinazojaa hupandishwa, na zinazokaa tupu hushushwa. Katika mpango wa haki, jumla ya pointi za mwaka mzima haiongezwi. Ikiwa itaongezwa, pointi za zamani zimepunguzwa thamani kwa siri.

Ya pili ni kuweka siku ya mwisho ya kufuta, na adhabu kwa anayechelewa. Tarehe hiyo ikiwa mapema, nafasi hurudi wakati wanaongoja bado wanaweza kuitumia.

Ya tatu ni kupokezana. Katika baadhi ya nyumba wiki ya kila mtu husogea mwaka hadi mwaka, ili aliyepata wiki mbaya mwaka huu apate nzuri siku zijazo. Mpango huu si mgeni kwa yeyote aliyewahi kucheza upatu: hakuna anayepokea wa kwanza kila mara, na zamu ya kila mtu yajulikana.

Ya nne iko nje ya nyumba zenyewe. Ufaransa imegawanywa katika kanda tatu za likizo za shule, na likizo za majira ya baridi na za masika hazianzi siku moja katika kanda zote. Milima ile ile, vitanda vile vile, na watoto wale wale hugawanywa katika wiki nyingi zaidi. Serikali haikuongeza hata chumba kimoja. Imeongeza wiki zinazoweza kutumika.

MAFUNZO

Hesabu hizi hazihusu mapumziko ya matajiri peke yake. Mabasi yatokayo Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro mwezi Desemba hujaa kwa sababu ile ile inayojaza wiki za Krismasi huko Florida: viti vya mwaka mzima vyatosha, lakini watu wanavitaka katika siku chache. Kitanda cha hospitali, zamu ya maji ya mfereji na kiti cha kivuko vyote ni vitu visivyowekwa akiba, navyo vyote hutii kanuni zile zile. Anayetaka kupunguza foleni ana njia nne tu: kuongeza uwezo, kutawanya mahitaji, kuunganisha madaftari, au kuondoa hofu kwa kuwaambia watu ukweli mapema.

Kwa yule anayetaka kununua haki ya zamu, maswali ya kuuliza ni haya. Je, jumla ya haki zilizouzwa imezidi jumla ya nafasi? Je, wiki anayoihitaji hasa, si wiki yoyote, huombwa na wangapi na kupatikana na wangapi? Je, ada hulipwa hata asipopata? Asiyeweza kusafiri ila wakati wa likizo za shule anafaa kuuliza maswali hayo kabla ya kutia sahihi, kwa maana baada ya hapo ada haingojei orodha.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Nyumba ina vyumba 60, na wiki moja ya kila chumba huachwa kwa matengenezo. Ni haki ngapi za wiki moja zinazoweza kuuzwa bila kuzidisha?
2. Orodha ya kungojea ina majina 90, na majina 6 hutoka kila siku. Wastani wa kungoja ni siku ngapi?
3. Usiku tatu zimejaa, na kila mmoja, kwa kujitegemea, una uwezekano wa nusu wa kupata nafasi. Uwezekano wa zote tatu kupatikana ni upi?
4. Eleza kwa nini nyumba mbili za vyumba 50 zenye madaftari mawili huwakosesha nafasi watu wengi kuliko nyumba moja ya vyumba 100.

Majibu: (1) 3,060. (2) Siku 15. (3) Sehemu moja katika 8. (4) Kadiri wastani wa maombi unavyokuwa mdogo, ndivyo kuyumba kwake kunavyokuwa sehemu kubwa zaidi ya wastani huo. Tena ziada ya nyumba moja haiwezi kufidiwa na upungufu wa nyingine madaftari yakiwa mbalimbali.